Kichwa cha Kolekole

Kichwa cha samaki kilinitenga na mwanangu miaka tisa. Nalisema mwanzoni kabisa, maana mtu akisikia kwamba mzee wa Songea aliwachukua wajukuu wake wawili akaenda nao Mtwara kula vyakula vya pwani, atadhani nasimulia matembezi. Hayakuwa matembezi. Nilikwenda kumtafutia mtoto chakula atakachokimeza.

Mimi shule niliiachia darasa la tatu, baba alipokufa. Nimefyatua tofali. Nimelima tumbaku Lusewa kwenye shamba la watu kabla sijawa na langu. Nimebeba magunia sokoni mpaka bega langu la kulia likashuka chini ya la kushoto, na mpaka leo shati linanikaa upande. Sasa nina nyumba Ruhuwiko na mashine mbili za kusaga, na hayupo mtu wa kusimama akasema ni yeye aliyenishika mkono. Naandika haya mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za mtoto, wala sioni aibu. Aibu yangu iko kwingine.

Binti yangu nilimsomesha mpaka akawa mwalimu. Akapangiwa Mtwara, akaolewa hukohuko na fundi wa majokofu, Mwislamu. Sisi ni Wakatoliki tangu kwa babu yangu. Nilinuna, lakini nikakubali, kwa sababu kijana alikuja kwangu kwa adabu na mikono yake ilikuwa na makovu ya kazi. Mtu mwenye makovu mikononi mimi humsikiliza.

Mtoto wao wa kwanza alipofikisha miezi mitatu nikaenda kumwona. Nilibeba gunia la maharage na jogoo mkubwa kutoka bandani kwangu. Mchana wakanikalisha kwenye mkeka pamoja na wanaume wa ukoo wa mkwe wangu. Ikaja sinia moja ya wali, tule wote humo. Katikati ya wali kuna samaki, kolekole, mrefu kama mkono wangu. Binti yangu mwenyewe akainama, akakitenga kichwa, akakisogeza upande wangu. Wenzangu wakawa na minofu. Mimi nikawa na macho mawili yananitazama.

Asiye wa kwetu hawezi kuelewa. Kwetu mgeni anachinjiwa kuku, na firigisi ni ya mkubwa, hilo hata mtoto anayetambaa analijua. Kichwa na miguu wanapewa watoto, wakagugune huko nyuma ya jiko. Ukimwekea mtu mzima kichwa umemwambia mambo mawili, achague mwenyewe: wewe ni mtoto, au rudi kwenu. Nami nilimwona mwanangu, niliyemsomesha kwa bega hili, akiniambia hivyo mbele ya wakwe zake.

Nikasimama. Nikasema nimeshiba safari. Akanifuata mpaka barabarani, mtoto mgongoni.

"Baba, unakwenda wapi? Hujala."

"Nimekula vya kutosha."

Jogoo wangu nilimsikia akiwika uani wakati naondoka. Sikukanyaga Mtwara tena yeye akiwa hai.

Si kwamba tuligombana. Alipiga simu, nikapokea. Alikuja Songea mara tatu au nne na watoto, akapika, nikala, tukazungumza habari za mvua. Mara moja tu, anachambua maharage na mama yake barazani, akasema, "Baba, kile kichwa cha siku ile..." Nikamkata. "Yamekwisha hayo, usiyafufue." Akainamisha uso kwenye ungo. Mpaka leo namwona anavyoyatenga yale mabovu, taratibu, moja moja, wakati hata mabovu yenyewe yalikuwa yamekwisha.

Aliugua siku chache, akafa. Simu ilinifikia asubuhi, basi la Mtwara limeshaondoka. Nikadandia lori mpaka Tunduru, kutoka hapo gari jingine, na jingine. Kwao maiti haicheleweshwi. Walinisubiri mpaka alasiri, wakashindwa. Nilipofika udongo ulikuwa umeshamwagiwa maji.

Hapo nikafanya jambo ambalo sikuona ubaya wake wakati ule. Sisi Wangoni mtoto ni wa baba yake, hapana mjadala. Lakini ukoo wa mkwe wangu wanahesabu kwa mama, kwamba watoto ni wa upande aliozaliwa mama. Maisha yangu yote niliicheka desturi hiyo. Siku ile nikaikamata kama fimbo. Nikamwambia mkwe wangu, "Kwa desturi yenu wenyewe watoto hawa ni wangu. Nawachukua."

Yule kijana alikuwa hajalala siku tatu. Akasema, "Ni wako, mzee. Siwezi kukukatalia." Mama yake aliingia ndani, akatoka na sweta mbili, kwa sababu alisikia Songea kuna baridi.

Basi nikawa nao Ruhuwiko, mkubwa miaka kumi, mdogo sita, wasichana wote. Mkubwa alijikaza. Mdogo hakuwa analia wala hakuwa mkorofi. Alikuwa hamezi. Anatia tonge la ugali mdomoni, analiweka shavuni, basi. Mmemaliza kula, vyombo vimeoshwa, shavu bado limevimba.

Mke wangu alikuwa anambembeleza. "Meza, mama."

"Nimemeza, bibi."

"Hebu fungua mdomo."

Anafungua mdomo upande mmoja tu.

Tulimpikia dona, tukampikia sembe, likolo la majani ya maboga, maharage yaliyoungwa karanga. Mke wangu akatafuta nazi sokoni, akaikwangua kwa kijiko maana mbuzi ya kukunia hatuna, tui likatoka kama maji ya kuoshea mchele. Nikamcheka. Nikasema mtoto akiona njaa atakula, mimi nilikula mizizi. Zahanati wakampima, hana malaria, hana minyoo. Sketi yake ya shule ikafungwa kwa pini moja, halafu kwa pini mbili.

Siku moja nikanunua mbasa wa ziwani, ameletwa kutoka Mbamba Bay. Nikajua hapa nimempata, samaki ni samaki. Mke wangu akamkaanga mzima, akamweka mezani. Yule mdogo, ambaye hakuwahi kugusa chakula kabla ya kuambiwa, akanyoosha mkono. Akakivunja kichwa kwa vidole vyake vidogo, akakiweka kwenye sahani yangu.

Niliuona mkono wa mama yake. Uleule.

"Hata ninyi?" nikasema. "Hata watoto wamefundishwa kunidharau?" Nikakichukua kile kichwa nikamtupia paka nje.

Mtoto akanawa mikono. Siku mbili zilizofuata alikunywa chai tu. Siku ya tatu mke wangu akaja kunisimamia pale kwenye mashine, unga umemjaa kichwani, akapiga kelele kushinda mota.

"Mmoja tumeshazika! Huyu nitamzika mimi, wewe utakuwa umekaa hapa na kiburi chako. Wapeleke kwao wakale!"

"Watakula, halafu narudi nao," nikasema.

"Rudi na yeyote unayemtaka. Ila ale."

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Tuliondoka alfajiri, baridi ya Songea imewabana ndani ya zile sweta, tukapita Namtumbo, Tunduru, Masasi, na kila tuliposhuka mteremko, yule mdogo alivua kitu kimoja. Mtwara tukafika amebaki na gauni. Sikwenda kwa wakwe. Nilichukua chumba gesti, karibu na soko, kama mtu asiye na ndugu.

Kesho yake wakanipeleka feri, kwenye soko la samaki. Nasema wakanipeleka, maana mimi pale nilikuwa kipofu, wao ndio wenye macho. Mkubwa ananishika mkono wa kulia, mdogo anatangulia. Akasimama mbele ya mama mmoja mnene mwenye karai la mafuta, na kando yake sufuria ya supu. Kwenye sinia limelala lile dude, wekundu wake kama wa ulimi, mikono imejikunja.

"Babu, huyu ndiye pweza," akasema mdogo, kama anayenitambulisha kwa mtu.

"Shikamoo babu," yule mama akasema. "Nikukatie mkono au kichwa?"

"Marahaba. Kichwa kiache hukohuko."

"Ee! Mgeni wa wapi huyu?"

"Songea."

"Mngoni! Jamani njooni muone, Wangoni wanakula panya, pweza wanamwogopa!"

Watani hao, huwezi kukasirika. Nikamjibu, "Panya ana mifupa, binti yangu. Unajua unakula mnyama. Huyu hata mgongo hana, anasimamaje mbele ya watu?"

Benchi zima likacheka. Na katikati ya kicheko kile nikasikia kingine, chembamba, kinakatikakatika kama mashine inayokataa kuwaka. Nikageuka. Alikuwa mdogo. Nilikaa naye mwaka mzima sikuwahi kukisikia.

Akakatiwa vipande, akachomekewa vijiti, akachovya kwenye pilipili. Anakula huku ananing'iniza miguu. Akanywa supu kwa kikombe, akaomba tena. Mimi nilimtazama shavu. Lilikuwa tupu. Nikamwambia afungue mdomo, akaufungua wote, mweupe wa meno na hakuna kitu, akauliza, "Kwani nini, babu?"

"Hamna kitu. Kula."

Nami nikaonja. Mwanzo ni kama unatafuna kandambili. Halafu utamu unakuja nyuma, wa chumvi na moshi, wakati wewe umeshakata tamaa.

Siku mbili tulizunguka hivyo. Asubuhi vitumbua na chai ya tangawizi. Mchana muhogo wa kukaanga, umepasuliwa katikati ukajazwa chachandu ya pilipili. Wakanionyesha ming'oko, mizizi myembamba ya porini ambayo kina mama wanaichemsha na kuiuza kwa mafungu. Unaimenya kwa kucha, unachovya kwenye chumvi yenye pilipili. Nikawaambia mimi nilikula mizizi nilipokuwa mdogo. Mkubwa akanitazama. "Kwa njaa, babu, au kwa raha?" Nikamenya mwingine.

Kila chakula kilikuwa na mama yao ndani. Hapa, wananiambia, alikuwa anatununulia ming'oko tukitoka shule, alikuwa anakaa kwenye jiwe lile, anavua viatu. Pale korosho, alikuwa anachagua zilizoungua kidogo. Yule wa vitumbua alikuwa anamwita mwalimu. Pilipili alikuwa anatia mpaka anatoka jasho puani.

Nyumbani kwangu binti yangu hakuwahi kula pilipili. Nilitembea Mtwara siku mbili, nimeshikwa mkono na mtoto, naonyeshwa mtu mzima niliyemzaa na nisiyemjua. Niliketi kwenye lile jiwe. Ni jiwe la kawaida tu, lina joto.

Mdogo alikuwa ananiuliza kila jioni, "Babu, kesho tunakwenda kwa bibi?" Nasema tutaona. Siku ya tatu hakuuliza, alivaa viatu akasimama mlangoni.

Mama mkwe wa binti yangu alikuwa uani anapepeta mchele. Watoto walimrukia mpaka mchele ukamwagika. Aliwashika muda mrefu, akampapasa mdogo mbavu juu ya gauni, akanitazama. Nilijua anahesabu nini.

"Karibu, mkwe," akasema. "Nasikia uko mjini siku tatu. Unalala gesti kama mchuuzi wa vitunguu."

"Nilikuwa nawapitisha watoto wapate kula."

"Na hapa hatuli?"

Akacheka kidogo, akamtuma mkubwa kuniletea kiti. Mkwe wangu akarudi kutoka kazini, akaniamkia, akatoka tena, akarudi na samaki. Nilimwona amembeba kwa mkia. Kolekole.

Sinia ikaja. Wali wa nazi, mchuzi kwenye bakuli, samaki juu. Bibi akasema Bismillahi, mimi nikafanya ishara ya msalaba, tukanyoosha mikono. Mdogo akanitangulia. Akashika kichwa kwa mikono miwili, maana kilikuwa kizito, akakileta mbele yangu.

Kila mtu akaacha kutafuna.

"Kirudishe, mwanangu," bibi akasema upesi. "Babu yako hapendi hicho."

"Lakini ni cha mkubwa!" mtoto akasema, na midomo ikaanza kumcheza.

Nikauliza, "Nani alikwambia ni cha mkubwa?"

Mkubwa ndiye aliyejibu. "Mama. Kichwa anapewa mwenye nyumba, au mgeni wa heshima. Hapa ni cha baba. Baba akisafiri mama alikuwa anakiweka pembeni, anafunika na sahani. Anasema hiki cha babu yenu wa Songea."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake anakula yeye. Anasema babu yenu ameniachia."

Mkwe wangu alikuwa anatazama mkeka. Mama yake akafuta vidole, akasema bila ukali, afadhali angesema kwa ukali. "Siku ile alimrudisha huyu mumewe feri mara mbili. Samaki wa kwanza alisema kichwa kidogo, baba yangu ni mtu mkubwa. Wa pili akasema jicho limefifia. Yule wa tatu ndiye uliyemwacha. Mimi nikamwambia, mbona humwelezi? Akasema baba yangu haelezwi, anaelewa mwenyewe baadaye."

Baadaye ndiyo hii sasa.

Miaka tisa. Ningeweza kuuliza siku yoyote. Ningeweza kuuliza siku ile ile, nikiwa bado na mkono kwenye sinia: hiki kwenu kina maana gani? Mtu asiyesoma haoni haya kuuliza bei ya bati wala njia ya kwenda Mbesa. Kumbe kuna maswali mengine niliyaona yatanipunguza.

Nikakivuta kile kichwa kwangu. Sikujua pa kuanzia. Mdogo akajisogeza mpaka akaniegemea goti.

"Anza na shavu, babu. Hapa. Chimba na kidole."

Nikachimba. Kuna nyama pale, mviringo mdogo, laini kuliko yote iliyomo kwenye samaki. Kisha akanionyesha nyuma ya jicho, kisha utosi, kisha mifupa ya kunyonya. Nilikula polepole. Nilikimaliza. Kilichobaki kilikuwa cheupe kama kitana. Sijui kama nililia. Mkwe wangu alinisogezea maji ya kunawa na nikanawa uso pia.

Mdogo alikula wali akachapa usingizi palepale mkekani, mdomo wazi, shavu tupu. Nikajua.

Nikamwambia mkwe wangu, "Kijana. Kwetu mtoto ni wa baba yake."

Akanitazama haelewi.

"Nilipokuja kuwachukua nilishika desturi yenu kwa sababu ilinifaa. Sasa nashika yetu. Hainifai, lakini ndiyo yetu. Wabaki."

Aliinama akanishika miguu, mtu mzima yule, nikamwambia ainuke, watoto wataona.

Asubuhi tukaenda makaburini, sisi sote. Sikuwa na la kumwambia binti yangu ambalo halikuwa limechelewa. Nilisema tu, "Nimekula." Mkubwa alinisikia, hakuuliza.

Mdogo alinisindikiza mpaka stendi. Akaniuliza nitarudi lini, nikasema likizo. Akauliza, "Songea nani atakula na wewe?" Nikasema bibi yako yupo. Akafikiri, akasema, "Bibi hajui kukuna nazi." Ndivyo tulivyoagana.

Mke wangu alinisikia nikifungua geti. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama nyuma yangu, akatazama barabarani.

"Wako wapi?"

"Wanakula."

Akarudi jikoni. Alikuwa amesonga ugali wa watu wanne. Tukakaa mezani sisi wawili, tukala tulichoweza, na kilichobaki akakifunika na sahani.